Nuru Haipimwi kwa Wati Pekee

Kesi ya globu ya uzi ilisikilizwa upande mmoja. Tarehe 1 Septemba 2009 Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa madukani globu za wati 100. Mwaka 2011 zikafuata za wati 60, na Septemba 2012 zikamaliziwa zilizobaki. Marekani ilisitasita kwa miaka mingi, ikibadili nia kila serikali ilipobadilika, hata tarehe 1 Agosti 2023 ikafunga mlango kwa karibu kila globu ya nyumbani isiyotoa lumeni 45 kwa kila wati. Shahidi aliyeitwa barazani alikuwa mmoja tu, naye ni mita ya umeme.

Ushahidi wake si wa uongo. Globu ya uzi hula wati 60 kutoa nuru ambayo taa ya LED huitoa kwa wati nane au tisa. Katika kila sehemu mia za umeme unaoingia, zaidi ya tisini hutoka kwa sura ya joto, na joto si bidhaa ya kuagizwa Unguja mwezi wa Februari. Anayewasha globu kumi za uzi usiku kucha anachoma fedha zake, na hapana wa kumtetea. Lakini tangu lini nuru ikawa mzigo wa mizani, ikauzwa kwa kilo mfano wa mbata?

Watu huwasha taa ili waone, na kuona kuna sifa yake. Uzi wa tangsteni hupata moto hadi karibu nyuzijoto 2,400, ukawaka kama liwakavyo kaa, kama uwakavyo utambi wa kandili: rangi zote za upinde wa mvua zimo, zimeungana bila ya pengo, na wekundu ndio uliotawala. LED nyeupe imeundwa kwa njia nyingine. Aghalabu ndani yake mna chembe itoayo nuru ya buluu, ile iliyowapatia Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014, na juu yake hupakwa unga wa manjano unaoigeuza sehemu ya buluu hiyo. Viwili hivyo vikichanganyika, jicho hudhani limeona weupe. Ni hila ya werevu mkubwa, na wavumbuzi wake waliistahili tuzo yao. Ila hila ni hila: katika taa za bei ya chini buluu imefurika na wekundu ni haba.

Wenye viwanda wanalijua hilo. Kipimo chao cha uaminifu wa rangi, kinachoishia alama 100, huchukua wastani wa rangi nane zilizofifia. Wekundu uliokoza haumo. Umewekwa wa tisa, nje ya hesabu, mithili ya mgeni aliyetandikiwa mkeka barazani wakati wenziwe wanakula ndani. Kwa hiyo taa yaweza kupata alama 80, ikauzwa kwa fahari, na alama yake ya wekundu ikawa karibu na sifuri. Globu ya uzi hupata 100. Hujibiwa kwamba ushindi huo ni wa bure, kwani kipimo chenyewe kimejengwa juu ya nuru ya kitu kinachowaka kwa moto. Naam; na jicho la mwanadamu nalo limelelewa na jua na moto, si na unga wa manjano.

Basi wekundu una nini, hata ugombewe? Ni damu iliyo chini ya ngozi. Uso wa maji ya kunde chini ya taa ya buluu hugeuka rangi ya majivu. Hina mkononi mwa biharusi huwa tope. Kisutu hupoteza kile kilichokifanya kuwa nguo ya arusi. Haya mtu aweza kuyaita mapambo. Lisilo pambo ni mkunga anayetazama midomo ya mtoto mchanga saa nane za usiku, akitaka kujua iwapo imegeuka buluu kwa kukosa hewa. Australia na New Zealand zimeweka kipimo maalumu cha taa za hospitali kwa ajili ya jambo hilo hilo, maana taa isiyofaa yaweza kuuficha ubuluu uliopo au kuuzua usiokuwepo. Anayekwenda kununua taa za kituo cha afya cha shamba huulizwa wati na bei. Wa kumuuliza wekundu bado hajazaliwa.

Kurunzi nayo isisahauliwe. Ile ya bati, ya betri mbili au tatu (mawe, kama watu wa makamo wangali wakiyaita), globu yake ikiungua ilibadilishwa kwa vidole, na baadhi ziliwekewa ya akiba katika kifuniko cha nyuma. Betri zikichoka, nuru iligeuka manjano, kisha rangi ya chungwa, ikimwonya mwenyewe ashike njia ya nyumbani. Kurunzi nyingi za leo za bei ya chini zimegandishwa kwa gundi: ikifa betri, swichi au chaja, zimekufa zote, na mzoga hutupwa ufuoni. Hata zile saa 25,000 zinazotangazwa kwenye boksi la taa aghalabu ni umri wa chembe ya nuru. Kifaa kinachoilisha umeme, chenye kapasita isiyopenda joto, hufa kabla yake. Rahisi ghali. Haki isemwe pia kwamba watengenezaji wa globu za uzi hawakuwa malaika. Mwishoni mwa 1924 kampuni kubwa zilikutana Geneva, zikaunda umoja ulioitwa Phoebus na kukubaliana globu isiishi zaidi ya saa 1,000. Dhambi hiyo ni ya wafanyabiashara, uzi haukushirikishwa.

Wapo watakaosema huu ni ubishi wa wanaochukia kila kipya. Mwaka 1878 Robert Louis Stevenson, ambaye wasomaji wa Kiswahili humjua kwa Kisiwa chenye Hazina, aliandika insha ya kuzitetea taa za gesi dhidi ya taa kali za arki zilizokuwa zikiwekwa katika miji ya Ulaya. Mwaka uliofuata Swan huko Uingereza na Edison huko Marekani walionyesha taa ya umeme iliyo ndogo na ya upole, ya kukaa chumbani. Manung'uniko ya mwandishi na kazi ya fundi vilielekea upande mmoja.

Na hiyo akiba imekwenda wapi? Mwaka 2017 Christopher Kyba na wenzake, wakitumia picha za setilaiti, walionyesha kwamba eneo la dunia linalomulikwa usiku kwa taa liliongezeka kwa asilimia 2.2 kila mwaka kati ya 2012 na 2016. Kilichookolewa kimenunuliwa taa zaidi, zikaelekezwa mbinguni, kwa hasara ya wanaokwenda pwani kutazama mwezi ulioandama. Kiyoyozi cha wati 1,000 hula kwa saa moja kile ambacho globu ya wati 60 hukila kwa zaidi ya saa kumi na sita, na hakuna aliyekipeleka mahakamani.

Linalodaiwa ni dogo. Globu za wati 15 na 25 ziachiwe anayetaka kuwasha saa moja kando ya kitanda au mbele ya msahafu. Boksi la kila taa ya LED liandikwe alama ya wekundu, peke yake, bila ya kufichwa ndani ya wastani. Vyumba vya kuzalia visiwekewe taa ambayo alama hiyo haifiki 90. Taa za LED za namna hiyo zipo. Ila hazitaletwa maadamu mnunuzi hajui kuziulizia.