"Amepatikana" ama "Anashukiwa"?

Majuzi mzazi mmoja alinijia na barua ya shule anakosoma bintiye. Barua ilieleza kwamba msichana huyo, baada ya mkojo wake kupimwa, "amepatikana" na bangi, na kwa hivyo asalie nyumbani. Nilipouliza ni kipimo gani kilichotumiwa, niliambiwa ni kile kijikaratasi cha kuchovya.

Mimi ni mtu wa isimu wala si mkemia, lakini neno "amepatikana" lilinikera. Kijikaratasi kile kina kingamwili zinazotambua umbo la molekuli, na chochote chenye umbo la kukaribiana huweza kuzihadaa. Ni sawa na sikio lililosikia "kaa" na basi: ni kaa la moto, kaa wa baharini, ama mtu anaamriwa aketi? Efavirenzi, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, imewahi kuonyesha bangi katika baadhi ya vipimo hivi pasipo na bangi. Mwanafunzi anayemeza dawa hiyo kwa siri atajiteteaje bila kujianika?

Njia ya pili ni kromatografia ya gesi pamoja na spektrometria ya masi. Mashine hutenganisha vilivyomo mkojoni, kisha huvunja molekuli vipande vipande na kuvipambanua kwa uzito. Hapo sasa tunasoma sentensi nzima. Mfanyakazi wa serikali kuu ya Marekani, mkojo wake ukivuka nanogramu 50 za bangi kwa mililita katika mchujo, hahukumiwi mpaka mashine ya aina hii ithibitishe. Hata mashine ina mipaka yake: mbegu za mpopi zitiwazo mikateni huacha mofini ya kweli mkojoni, ndiyo sababu Wamarekani walipandisha kiwango cha afyuni kutoka nanogramu 300 hadi 2,000 mwaka wa 1998.

Walimu watasema mashine hiyo ni ghali, na hawakosei. Basi kijikaratasi kichuje. Kikisema hakuna, mtoto arudi darasani. Kikisema kuna, barua iandikwe "anashukiwa", naye aendelee na masomo huku sampuli ile ile ikipelekwa kwenye maabara yenye mashine.

Binti wa mzazi yule angali nyumbani. Niliuliza iliko sampuli yake. Ilimwagwa siku ile ile.