Usirithi TextBox, Ifunike

Leo nina neno kuhusu GWT, ile zana ambayo Google ilitoa mwaka 2006 ili tuandike Java nayo ituzalishie JavaScript. Fasheni yake imepita, najua, lakini mimi bado naitunza mifumo iliyojengwa nayo.

Ukitaka kisanduku cha namba ya simu, njia ya mkato ni kuandika "extends TextBox", kuongeza ukaguzi wako, basi. Mimi naipinga. Ukirithi TextBox unarithi ukoo mzima: setText(), setMaxLength(), setVisibleLength() na wenzao. Yote yako wazi kwa yeyote. Mwenzako anayeshughulikia ukurasa mwingine ataita setText() na kuingiza namba yenye nafasi katikati, na ukaguzi wako unaosubiri vibonye vya kibodi hautajua lolote. Wala huwezi kumlaumu, ruhusa ulimpa wewe.

Mwishowe kila ukurasa unajiwekea ukaguzi wake. Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba zinazoanza na 01. Ukiwa na sharti la "lazima ianze na 07" limetawanyika kurasa ishirini, ukasahau moja tu, mtu mwenye laini mpya anakwama hapo hapo. Ana simu, ana pesa, na mfumo unamwambia namba yake si namba!

Ndiyo maana nashikilia Composite. TextBox inakaa ndani, unaita initWidget() kwenye konstrukta, halafu unatoa nje milango miwili mitatu uitakayo. Tekeleza HasValue<String> na fomu zako zitasoma namba bila kujua ndani kuna nini. Kesho ukiweka ListBox ya nchi kando yake, hakuna ukurasa utakaoguswa.

Gharama ipo. setFocus() na setEnabled() utaziandika upya mwenyewe, na hiyo ni kodi ya kuchosha kweli kweli. Afadhali uchovu huo.

Kuna pahali narithi bila aibu: kunasa maandishi yaliyobandikwa. GWT haina PasteHandler, kwa hiyo narithi TextBox, naita sinkEvents(Event.ONPASTE) na kuandika upya onBrowserEvent(), nikikumbuka kuita super. Hata hivyo klasi hiyo naificha ndani ya Composite, na haiwi public.