Juu ya Miti Twende Pamoja na Wazazi Wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana mabwenini, nalo ni safari ya shule. Wako wanaotaka twende mjini tukaone maduka na majumba marefu. Wako wanaotaka tusiende popote, fedha zote ziwekwe kwa ajili ya mahafali. Mimi nasema twende msituni, tukapite juu ya miti; tena nasema tusiende peke yetu, bali kila awezaye aende na mzazi au mlezi wake. Nitaeleza sababu zangu moja moja, na asiyekubaliana nami naye ashike kalamu anijibu katika toleo lijalo.

Msitu ninaousema ni ule wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, karibu na mji wa Mto wa Mbu, yapata kilomita 120 kutoka Arusha. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1960. Mwaka 2017 lilifunguliwa humo daraja la kuning'inia, la kwanza la namna yake katika Tanzania. Urefu wake ni mita 370. Mtu huanza kutembea chini kabisa, usawa wa ardhi, kisha njia humpandisha pole pole kutoka mti hadi mti mpaka kufika mita 18 juu. Kamba za chuma ndizo zinazobeba uzito, mbao ndizo za kukanyaga, na nyavu zimesimamishwa pande zote mbili. Kwenye miti yamejengwa majukwaa ya kupumzikia. Kwa hiyo si mchezo wa sarakasi. Ni njia ya miguu, ila imeinuliwa.

Huenda mtu akauliza, kuna nini huko juu ambacho hakionekani chini? Jibu lake tumelisoma darasani lakini hatulifikirii. Katika msitu mnene, jua halifiki ardhini ila kwa kiasi kidogo sana. Karibu mwanga wote huliwa na majani ya juu. Basi penye mwanga ndipo penye majani mengi, na penye majani ndipo penye maua na matunda, na penye matunda ndipo walipo kima, ndege na wadudu. Sisi tupitao chini twaona mashina na kivuli, tukadhani tumeuona msitu. Ni kama mtu aliyepita ukumbini akasema ameijua nyumba, na hali jikoni hakufika.

Wala elimu hiyo ya juu ya miti si ya kujifurahisha tu. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe nchini Uganda, watafiti wa homa ya manjano waliweka tumbili wa kutoka Asia ndani ya kizimba, wakakipandisha kwenye jukwaa juu ya mti, kwa kuwa walijua kwamba mbu wengine huishi huko juu na si chini. Tumbili mmoja alishikwa na homa, na katika damu yake kikapatikana kirusi ambacho hakijapata kujulikana duniani. Kikaitwa kwa jina la msitu ule. Mwaka uliofuata kilipatikana katika mbu wa msitu huo huo. Baadaye ulisimamishwa hapo mnara wa chuma wa futi 120, yaani kama mita 36, ili watu wakamate mbu katika vimo mbalimbali. Ilipofika mwaka 2015 na 2016 ugonjwa huo ukaenea Brazil na nchi nyingine za Amerika, dunia nzima ikajifunza jina la Zika. Lakini waliokuwa wa kwanza kukiona kirusi hicho walikiona kwa sababu walikubali kuinua macho na kupanda. Nani ajuaye kama daktari wa kesho hayumo katika Kidato chetu cha Pili, akingoja tu kupandishwa huko?

Sasa nije kwenye neno la wazazi, maana hapo ndipo wenzangu wengi wananicheka. Wanasema, "Safari ya shule na mama tena? Huo ni utoto." Nawajibu hivi. Kwa miaka mingi kukaa juu ya mti na kuangalia wanyama ilikuwa starehe ya wageni. Kenya, katika msitu wa Aberdare, ilijengwa hoteli ya Treetops mwaka 1932 juu ya mti wa mkuyu, na mwaka 1952 ndipo Elizabeth alipokuwa usiku ule baba yake, Mfalme wa Uingereza, alipofariki naye akawa malkia. Habari hiyo imeandikwa vitabuni. Lakini wenyeji waliokaa kandokando ya msitu ule, wakichanja kuni na kulisha mifugo, hawakualikwa kupanda. Tumerithi fikira ile ile: kwamba hifadhi ni ya watu wenye kamera, na sisi ni wa kupunga mikono magari yao yapitapo.

Mama yangu amekuwa akiuza ndizi Mto wa Mbu tangu kabla sijazaliwa. Lango la hifadhi analijua kama anavyoujua mlango wa jirani yake, lakini hajaingia hata siku moja. Wala si yeye peke yake. Ulizeni nyumbani kwenu, mhesabu wangapi wameingia. Penye miti hakuna wajenzi.

Na hao wasioingia ndio wenye kuushika uhai wa msitu mikononi mwao. Fikirini. Nani anunuaye gunia la mkaa, na nani aamuaye kupikia gesi? Nani akatazaye au akubaliye mti wa kando ya kijito ukatwe? Si sisi wanafunzi. Ni baba, mama, shangazi na babu. Tukienda sisi peke yetu, tutarudi na hadithi, nao watatusikiliza kwa adabu, kisha kesho maisha yaendelee kama jana. Lakini mama akiusimamia ule msitu kwa juu, akaona namna unavyoishia ghafla na nchi kavu ikaanzia hapo hapo, hatahitaji hadithi yangu.

Maana ule msitu una siri yake. Mvua ya mahali pale peke yake isingetosha kuustawisha. Maji yake hutoka mbali: mvua inyeshayo katika nyanda za juu za Ngorongoro huzama katika miamba ya volkano, husafiri chini kwa chini, kisha hububujika kwenye chemchemi zilizo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Maji hayo ndiyo yanayonywesha mikuyu mikubwa, na maji yatokayo katika ukuta ule ule ndiyo yanayonywesha migomba na mpunga wa Mto wa Mbu. Ndizi za mama yangu na matunda ya hondohondo ni za kisima kimoja. Mtu akilijua hilo hatasema tena kwamba msitu ni wa serikali na shamba ni lake.

Najua pingamizi la kwanza ni fedha, nami silidharau. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, na wazazi wengi walishukuru kwa kuwa hawakuwa na cha kutoa. Haitakuwa haki kuirudisha ada kwa mlango wa nyuma na kuiita safari. Kwa hiyo mchango uwe wa hiari kweli kweli, wala asitengwe mtoto ambaye kwao hakuna. Lakini tuseme ukweli vilevile. Kwa mahafali hupatikana fedha za kukodi vipaza sauti, mapambo na keki, na baada ya saa sita kinachobaki ni picha na maganda ya chupa. Tukipunguza nusu ya mapambo, tutapata nauli ya wengi. Tena raia wa Tanzania hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kuliko kile cha mgeni wa nje. Daraja lina malipo yake ya pekee, na hayo yaulizwe mapema, kabla mtu hajaahidiwa kitu.

Pingamizi la pili ni hofu. Mzazi mmoja alisema yeye hakumzaa mwanawe ili ajipeleke juu ya kamba. Nami namheshimu kwa neno hilo, kwa sababu hofu yake ni mapenzi. Ila hofu huondolewa kwa kuuliza, si kwa kukataa. Daraja la namna hii lazima likaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa mti ni kitu chenye uhai: hukua, huyumba kwa upepo, huzeeka. Walimu waulize limekaguliwa lini, na ni watu wangapi waruhusiwao kwa mara moja. Wakipata jibu zuri, twende. Wakipata jibu la kubabaisha, tubaki. Huo si woga, ni busara.

Kwa upande wetu nasi tuwe na sharia zetu. Asikimbie mtu, wala asitikise daraja ili kumwogofya mwenzake. Asipige kelele, maana mwenye kelele hamwoni kima. Asimpe mnyama chakula. Na lililo kubwa kuliko yote: atakayefika daraja la kwanza akaona moyo umekataa, na arudi, wala asichekwe, awe mwanafunzi au mzazi wake. Bibi asiyeweza kupanda atatembea chini na mwongozaji, na huko chini kuna mengi ya kuona. Mwenda pole hajikwai.

Pingamizi la tatu ni mitihani. Nauliza, mtihani wa Baiolojia na Jiografia unatuuliza nini? Unatuuliza juu ya mnyororo wa chakula, juu ya maji ya chini ya ardhi, juu ya Bonde la Ufa. Yote hayo yako pale katika matembezi ya saa moja. Ninyi mnaokariri, karirini. Lakini aliyeona hasahau.

Wala tusidhani kwamba ni jambo geni. Jirani zetu wa Rwanda walifungua daraja lao katika msitu wa Nyungwe mwaka 2010, na mwaka 2023 msitu huo uliandikwa katika Urithi wa Dunia. Kenya wanalo katika msitu wa Ngare Ndare, kaskazini ya Mlima Kenya, mahali ambapo tembo hupita kutoka mlimani kwenda nyikani. Ghana walitangulia wote kwa lile la Kakum, mwaka 1995. Wenzetu wamekwisha jua kwamba mti uliosimama unaweza kumlisha mtu pasipo kukatwa. Ila neno hilo haliwi kweli mpaka watoto wa wenyeji na wazazi wao nao wawe miongoni mwa wapitao.

Basi naleta maombi matatu mbele ya Mkuu wa Shule, walimu na Bodi. Kwanza, safari ya mwaka huu iwe Manyara, na iandikwe barua hifadhini mapema kuuliza malipo na usalama. Pili, katika kila viti kumi vya basi, vitatu viwe vya wazazi, wapatikane kwa kura ili asiseme mtu kwamba wamechaguliwa wenye uwezo. Tatu, hao wazazi wapewe nafasi ya kusema katika kikao cha wazazi kitakachofuata, waeleze waliyoyaona kwa maneno yao wenyewe, sisi wanafunzi tunyamaze tuwasikilize.

Kura ya kwanza ikimwangukia mama yangu nitafurahi. Ikimwangukia mama wa mwingine, nitampisha kiti karibu na dirisha.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu