Manukato ni Tone, Si Chupa

Kuoga na kujitia manukato siku ya Ijumaa ni sunna, na Anas (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa harudishi manukato aliyopewa. Lakini hapa Bagamoyo, kwa joto letu, wapo wanaoyamwaga juu ya jasho. Hiyo si sunna. Harufu ya urujuani, ambao Waarabu huuita banafsaji, huchosha pua upesi. Mwenyewe hudhani imekwisha, akazidisha, na jirani yake katika safu akataabika. Basi tuoge kwanza, tupake tone moja, na yaliyobaki tumpake mwenzetu asiye nayo. Dada zetu nao wajifukize udi majumbani, si kwa ajili ya njiani. Wabillahi tawfiq.