Ukubwa wa kabeji usikupumbaze

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakusema hivyo kuhusu mbegu. Lakini wengi wetu tunaolima vishamba vya nyuma ya nyumba hapa mjini, tukiingia katika duka la pembejeo huuliza jambo moja tu: ni kabeji gani hufunga kichwa kikubwa zaidi?

Kwa maoni yangu, swali hilo linatupoteza. Jiulize kwanza ni nani atakayeila kabeji hiyo, na lini.

Ikiwa ni ya jamaa yako, kabeji ya kilo nne ni mzigo. Utakata robo leo, na iliyobaki ikae jikoni ikinyauka. Vitamini C hupungua kadiri mboga iliyokatwa inavyokaa, na huzidi kupotea ukiichemsha kwa muda mrefu. Afadhali upande Copenhagen Market au Golden Acre, ambazo hukomaa mapema na vichwa vyake ni vya kadiri. Ukiacha sentimita 45 kati ya mche na mche badala ya 60, vichwa vitakuwa vidogo zaidi. Tena usipandikize miche yote siku moja. Pandikiza michache kila baada ya majuma mawili, ndipo uvune kabeji mbichi kila unapoihitaji.

Anayelimia soko ana hesabu nyingine. Kabeji yake itasafiri kwa lori, hivyo anataka kichwa kigumu kisichopasuka upesi. Ndiyo maana Gloria F1 imependwa sana nchini. Lakini hiyo ni mbegu chotara, na itambidi anunue mpya kila msimu. Kama shamba lake limewahi kupata ule ugonjwa wa kuoza unaoigeuza mishipa ya majani kuwa myeusi, aulizie aina inayouvumilia, na asirudie kabeji wala sukumawiki mahali pale pale msimu unaofuata.

Hapa ndipo afya yetu sote inapoingia. Anayepanda aina isiyofaa shamba lake hukimbilia pampu ya dawa kila mara. Kweli, hakuna mbegu itakayowazuia viwavi kabisa. Kagua majani kila juma, nawe ukilazimika kunyunyiza, ngoja siku zote zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna.

Mnunuzi hupima uzito wa kabeji kwa mkono, lakini dawa iliyomo haioni. Wewe uliyeipanda unajua. Usimuuzie jirani kabeji ambayo usingethubutu kuwapikia wanao.