Taa za Rangi Haziendeshi Gemu



 

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi wa Msangeni na vijiji jirani, mwaka huu niliombwa niandike juu ya matumizi mazuri ya wakati. Nimeamua kuandika juu ya kompyuta ya gemu, na nitaeleza kwa nini.

Mwezi wa Rajabu alinijia mwanafunzi wangu mmoja akiwa na shilingi laki saba. Fedha hizo si za kuokota. Alibeba mchanga na matofali likizo mbili, na mama yake akaongezea kidogo kutoka kwenye kahawa. Alikuwa anataka kushuka Mwanga, apande basi la Moshi, akanunue kompyuta aliyoiona kwenye simu, yenye kasha la kioo na feni zinazowaka taa nyekundu na buluu. Nikamwuliza, "Ndani yake kuna nini?" Akanijibu, "Ustadhi, hiyo ni ya gemu." Jibu lake lilikuwa hilo tu, na kwa jibu hilo alikuwa tayari kutoa jasho la likizo mbili.

Najua wapo wazee wangu watakaosema: mwalimu mzima, badala ya kumkataza anamsaidia! Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Kijana huyu atacheza tu. Asipocheza nyumbani atakwenda kwenye kibanda cha gemu sokoni, analipia kila mechi, na pembeni yake kuna dubwi la kumeza sarafu na kaka zake wanajaza mikeka. Sheria ya nchi inamzuia aliye chini ya miaka 18 asicheze kamari, lakini sheria haikai kibandani. Mimi naona heri mashine iwe sebuleni, mama akipita anaona, na adhana ikisikika inazimwa. Tena kompyuta ya mezani inafunguliwa kwa bisibisi, kila kiungo kinaonekana na kinabadilishwa. Sisi tuliozaliwa Ugweno, ambako Washana walifua chuma kilichonunuliwa mpaka Uchaggani, tusione haya mtoto akitaka kujua chombo kimeundwaje.

Haya, tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo watu wanapoumia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2021 nilinunua mashine ya mtumba katika duka moja la mjini kwa sababu ilibandikwa "i7", na muuzaji akaniapia kwamba i7 ni baba wa i5. Nilipofika nyumbani nikakuta ni i7-2600, prosesa ya mwaka 2011. Jamani, hiyo herufi na namba ya mwanzo haitoshi. Tazameni namba inayofuata baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha pili, 3470 ni cha tatu, 8500 ni cha nane. Prosesa ya i5-8500 ya mwaka 2018 inaiacha mbali ile i7 yangu, na wakati mwingine zote mbili zinauzwa na mtu yule yule kwa tofauti ndogo ya bei. Kizazi cha nane kina faida nyingine: ndipo Windows 11 inapoanza kukubali prosesa za Intel. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayenunua kizazi cha tatu au cha nne leo ajue atakuwa na nyumba isiyo na mlinzi, au ajifunze Linux, ambayo ni ya bure na si ngumu kama inavyosemwa.

Kwa mwenye laki saba, ushauri wangu ni anunue kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex au HP, kisha aiongezee kadi ya picha. Msinunue zile nyembamba zinazolala kama kitabu, kwa sababu kadi ya kawaida haitoshei. Chukueni ile ndefu inayosimama. Na kabla hamjachagua kadi, tazameni pawasaplai. Mashine hizi nyingi zina wati 240 hadi 300 tu, na kwa Dell na HP nyingi za kuanzia karibu 2013 plagi zake ni za aina yao wenyewe, hivyo huwezi kuichomoa tu na kuweka nyingine ya dukani. Ndiyo maana kadi inayofaa ni ile inayokula umeme kupitia tundu la mazabodi peke yake, ambalo kikomo chake ni wati 75. GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na GTX 1650 ya mwaka 2019 ziko hivyo, ilimradi mchague ile isiyo na tundu la waya wa ziada. Zina kumbukumbu ya GB 4, na kwa mpira, magari na Minecraft zinatosha.

Mtaambiwa kuna RX 580 kwa bei nzuri. Ni kweli, nyingi zilimwagika sokoni baada ya Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha. Ni kadi yenye nguvu, lakini nyingine zilikesha zikifanya kazi miezi na miaka, feni zimechoka, na inakula wati 185. Ukiiweka kwenye mashine ya ofisi ni kama kumtwika punda mzigo wa fuso.

Zipo pia kadi za uongo kabisa. Mtu anachukua kadi ya zamani, anaandika upya programu iliyo ndani yake, na kompyuta inaisoma kuwa ni GTX 1050 Ti. Kuna programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo tangu 2018 inazitambua nyingi na kuandika wazi kwamba ni bandia. Iwekeni kwenye flashi kabla ya kwenda dukani.

RAM iwe GB 16 kama mfuko unaruhusu, GB 8 kama hauruhusu, na daima vijiti viwili vinavyolingana, maana viwili hufanya kazi pamoja na kasi inaongezeka. Msishangae bei. Mwishoni mwa 2025 RAM zilipanda dunia nzima kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba. SSD ya GB 256 inatosha kuanzia. Kioo chochote cha mtumba kisicho na mistari kinafaa. Taa za rangi wekeni siku mkipata kazi.

Sasa, jambo ambalo nadhani mwalimu wa madrasa anaweza kulisema kuliko fundi. Tumesoma katika fiqhi ya biashara khiyari ya sharti na khiyari ya aibu. Mbona tukifika dukani tunazisahau? Katika madhehebu ya Imam Shafi unaweza kuwekeana sharti na muuzaji kwamba una hiari ya kurudisha ndani ya siku tatu. Mwombeni aiandike kwenye risiti, kwa Kiswahili chepesi: ikizima yenyewe, ikipata moto kupita kiasi, au ikiwa si kama ilivyoelezwa, fedha inarudi. Muuzaji akikataa siku tatu, mwombeni nusu saa gemu iendeshwe mbele yenu. Akikataa hiyo nayo, salaam alaykum, na mwende duka la pili. Mimi mwaka 2021 niliona haya kuuliza. Haya ile ilinigharimu, kwa sababu mwezi wa tatu umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na pawasaplai ikatoa moshi. Nilipoifungua nilikuta ilishawahi kuchomelewa.

Kwa hiyo tengeni fedha ya stebilaiza tangu mwanzo, msiihesabu kama ziada. Na masika, radi zikianza kupiga huku juu milimani, chomoeni waya ukutani. Kwa luku, wazazi wasiogope sana: mashine inayokula wati 200 inamaliza uniti moja kwa saa tano. Mtoto na alipie uniti zake mwenyewe, atajua thamani ya saa.

Kuhusu gemu zenyewe nina neno moja tu. Zipo zinazouza pakiti za kubahatisha, unalipa bila kujua utapata mchezaji gani. Ubelgiji mwaka 2018 ilizihesabu pakiti hizo kuwa kamari, na mimi siioni tofauti yake na dubwi la sokoni. Gemu mnunue, pakiti mziache.

Yule mwanafunzi tulishuka naye Moshi. Alirudi na OptiPlex ya kusimama yenye i5-8500, vijiti viwili vya GB 4, kioo cha mtumba na stebilaiza, na siku tatu zikaandikwa kwenye risiti baada ya mabishano marefu. Kadi hatujapata, tuliyoonyeshwa GPU-Z iliikataa. Kwa sasa anacheza mpira wa zamani kidogo kwa picha za prosesa yenyewe, na mama yake anaandikia humo hesabu za kahawa. Kadi ikipatikana tutaifunga pale madrasani Jumamosi baada ya Alasiri. Anayetaka kuona aje na bisibisi ya nyota, yangu ni moja tu na haikopeshwi.