Kuni Mbichi na Kifua cha Mtoto

Methali husema pafukapo moshi pana moto. Katika nyumba nyingi za Njombe, Makete na Mufindi msimu wa kipupwe unapoingia, methali hiyo inafaa kugeuzwa: panapofuka moshi mwingi, moto wenyewe haujawaka sawasawa. Kuni zimeletwa kutoka shambani juzi, maji yangali ndani yake, nazo zinachemka na kutoa povu kwenye ncha. Familia nzima imezunguka mafiga ikiota moto, na mtoto mchanga yuko mgongoni kwa mama yake. Siku mbili baadaye mtoto huyo hufikishwa zahanati akikohoa. Hupimwa joto, huhesabiwa pumzi, huandikiwa dawa ikibidi, na mama huambiwa maneno yaleyale ya kila mwaka: aache kuni, atumie gesi.

Ushauri huo si wa uongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka 5. Tanzania nayo, katika Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, imelenga kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Lakini neno la kuangaliwa hapo ni hilo la mwisho: kupikia. Gesi huivisha ugali. Haipashi nyumba joto usiku wa Julai katika mji ulioko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, wala kwenye uwanda wa Kitulo ambako umande huweza kuganda juu ya majani. Familia yenye mtungi wa gesi jikoni bado itawasha kuni jioni, kwa sababu watoto wanatetemeka. Mhudumu wa afya anayemaliza mazungumzo kwa neno "gesi" huwa amejibu swali ambalo mama hakuuliza.

Swali lililoachwa ni hili: maadamu kuni zitawashwa, ziwe kuni za namna gani?

Mti uliokatwa leo huweza kubeba maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Gogo bichi la kilo 10, basi, huweza kuwa na kilo 5 za maji. Likiachwa mpaka maji yabaki asilimia 20 ya uzito wake, kiwango ambacho kuni huhesabiwa kuwa kavu, gogo hilohilo litakuwa na kilo 6 na robo tu. Kilo 3 na robo tatu zilizopotea ni maji ambayo, yangebaki, yangelazimika kuchemshwa na kugeuzwa mvuke ndani ya moto kabla ya mtu yeyote kupata joto. Kazi hiyo hula nguvu ya kuni na kuupoza mwali. Mwali uliopoa hauwezi kuziteketeza gesi zinazotoka kwenye kuni. Hupaa zikiwa chembechembe na lami, yaani moshi ule uchomao macho, upakao dari masizi na kushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwenye kuni mbichi huchoma kuni nyingi zaidi, hupata joto dogo zaidi, na huvuta moshi mwingi zaidi. Ili moto ushike, wengine hutumbukiza mifuko ya plastiki au humwagia mafuta ya taa, na hapo sumu nyingine na majeraha ya moto huongezeka juu ya kikohozi.

Kukausha kuni hakuhitaji fedha nyingi, ila kunahitaji kuchanja. Maji ya mti hutoka kwa wepesi kwenye ncha zilizokatwa na kwenye pande zilizopasuliwa, gome huyazuia. Gogo zima la mkaratusi laweza kukaa mwaka mzima uani, likaonekana kavu kwa nje na moyoni likawa bichi. Likikatwa vipande vya urefu unaofaa mafiga na kuchanjwa hadi unene usiozidi sentimita 10 hivi, jua na upepo hupata njia. Msindano hukauka upesi kuliko mkaratusi na mwati, ambao mbao zake ni nzito; kwa miti hiyo miezi sita ni mwanzo tu, na mwaka si mwingi. Kuni zipangwe juu ya magogo au mawe zisiguse ardhi, zifunikwe juu peke yake kwa bati au maturubai, pande zibaki wazi. Rundo lililofunikwa gubigubi huota ukungu, na ukungu nao haufai kwa kifua. Uchaga ulio juu ya mafiga husaidia kumalizia kuni chache za wiki, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya banda la nje, na chini ya paa la nyasi ni mwaliko wa moto.

Kuni iliyokauka hujitambulisha. Ncha zake zina nyufa, gome linabanduka, ni nyepesi mkononi, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kali, si kwa kishindo kizito. Mwenye kutaka uhakika apime kipande kimoja kwa mizani ya dukani kila baada ya wiki mbili; kikiacha kupungua uzito, kiko tayari. (Mizani ya kupimia watoto kliniki ibaki kwa watoto.)

Kuchanja nako kuna majeruhi wake. Shoka butu huteleza, na huishia mguuni. Gogo la kuchanjia liwe pana na imara, miguu ikae mbali na njia ya shoka, kipande chenye vifundo kipasuliwe kwa kabari badala ya kupigwa kwa hasira, na anayechanja asizungukwe na watoto. Jeraha la namna hii likifika kituoni, swali la chanjo ya pepopunda lisisahauliwe.

Sasa ugumu wenyewe. Kaya nyingi hazina msitu. Hununua mzigo mmoja mmoja, na muuzaji huleta alichokata jana. Nyingine zina miti, lakini kuni zilizochanjwa na kuachwa shambani zikauke huibwa. Aliye na uwezo wa kuziacha huko hata mwezi mmoja huvuna faida mbili, kwani mwanamke anayezibeba kichwani hubeba maji kidogo zaidi. Lakini hakuna haki ya kumlaumu asiyeweza. Kwake, kununua na kuchanja kidogo kidogo mapema ndilo jambo lililo karibu, na hata wiki chache za jua kwa vipande vyembamba ni bora kuliko kutokausha kabisa.

Wapo watakaopinga kwamba ushauri huu unachelewesha nishati safi, na kwamba haujathibitishwa kuzuia nimonia. Hoja ya pili ina uzito. Jaribio kubwa la Malawi, katika Chikhwawa na Karonga, liliwapa familia majiko ya kuni yanayowaka vizuri zaidi; matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 haikupungua. Jaribio jingine lililoihusisha Rwanda lilitoa gesi yenyewe, na matokeo ya mwaka 2024 hayakuonyesha upungufu wa nimonia kali kwa watoto wachanga. Kwa hiyo asiahidiwe mama kwamba kuni kavu ni kinga. Kinachoweza kusemwa kwa unyofu ni kwamba moshi utapungua, macho yatapumzika, kuni zitadumu, na mgonjwa wa pumu au wa mapafu sugu aliyemo nyumbani atakaa mbele ya moto usiomkaba. Hayo yanatosha kuyasema, huku gesi ikiendelea kuhimizwa kwa sufuria.

Jambo moja halivumilii kunyamaziwa. Kuni kavu haziondoi hewa ya kaboni monoksidi, na makaa mekundu yasiyotoa moshi huitoa kwa wingi. Jiko la mkaa lililoingizwa chumbani kwa ajili ya kulala joto huua watu bila harufu. Familia nzima inapoamka na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na vipimo vya malaria havionyeshi kitu, mhudumu aulize walilalaje. Asitulizwe na kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni, kwa maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa. Wagonjwa watolewe kwenye hewa safi na kupewa oksijeni kwa wingi: kwa hewa ya kawaida sumu hiyo huchukua saa nne hadi sita kupungua nusu, kwa oksijeni kamili ni saa moja hadi moja na nusu.

Limebaki suala la kalenda. Mabango ya moshi hubandikwa Juni, baridi ikiwa imeshaingia na kuni za mwaka zikiwa zimeshaamuliwa. Kuni kavu za Juni ni zile zilizokatwa na kuchanjwa kiangazi cha mwaka uliotangulia, zikaoneshwa jua la Septemba na Oktoba, kisha zikalindwa chini ya bati mvua za Novemba hadi Aprili. Mazungumzo hayo kliniki yanapaswa kufanyika Agosti, mama angali anakumbuka kikohozi cha mwezi uliopita, na baba wa nyumba aitwe naye, kwa kuwa mara nyingi shoka liko mikononi mwake.